Kidole cha Fundi

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Watu walimwita Kidole. Mafundi wengine wa pikipiki walikuwa na vipimo, yeye alikuwa na kidole cha shahada. Ukimpelekea gurudumu, anachomoa ekseli, anabandua sili ya mpira, anapenyeza kidole kwenye tundu la beringi na kuzungusha taratibu, macho kayafumba kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha anatoa hukumu. "Hii ina mchanga, tupa." Au, "Hii itakuzika." Kwake hiyo ya pili ilikuwa sifa: beringi itaishi kuliko mwenyewe.

Tatizo, kidole kilikuwa kimeanza kufa ganzi. Pengine ni miaka ya kunawa grisi kwa petroli, hakwenda kuuliza. Mkewe alimwona akiipua sufuria ya moto kwa mikono mitupu, akaitua polepole kama kabeba yai.

"Mume wangu, hukuungua?"

"Mikono ya fundi ni kwato, mama."

"Mficha maradhi, kilio humfichua," mke akasema, akaendelea kukata vitunguu. Kidole akajifanya hakusikia. Kazi hiyo nayo alikuwa fundi wake.

Asubuhi hiyo binti yao alileta kipikipiki chake cha mbio za matopeni, chepesi kama mbuzi na chenye adabu za mbuzi. Alikuwa anakwenda kushindana kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, mteremko wa mawe matupu. Beringi ikivunjika pale, gurudumu hujifunga, na aliyepanda hufika chini kabla ya pikipiki.

"Umekiosha tena kwa mashine ya presha?" Kidole aliuliza, akikipandisha juu ya kreti.

"Kilikuwa na matope, baba."

"Matope hayana shida. Yale maji yanapenya kwenye sili, yanafukuza grisi, yanabaki humo kama wageni wasioaga."

"Wimbo huo naujua mpaka kiitikio. Wewe pima."

Akashika gurudumu la mbele juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. La nyuma nalo halikucheza, lakini beringi inayoanza kuoza huwa bado imekaza, haijitambulishi kwa kutikiswa. Akalizungusha, akatega sikio. Jirani mchomeleaji alikuwa anakata vyuma, na kwa kelele zile Kidole hakusikia kitu. Kwa hiyo akalifungua, akaingiza kidole.

Laini. Laini kama mafuta.

"Safi," akasema. "Itakuzika."

Binti akacheka, akaenda kutafuta kofia yake ngumu ndani. Kidole akabaki na gurudumu mapajani. Ulaini ule haukumpendeza. Kwenye kopo la takataka kulikuwa na beringi aliyoitupa mwenyewe zamani, nyekundu kwa kutu, gololi zake zimeliwa. Akaiokota. Akafumba macho, akaingiza kidole, akazungusha.

Laini kama mafuta.

Akajaribu tena kwa kidole cha kati. Laini vilevile. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wanasubiri, wanamtazama. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema spea zimekwisha, njoo kesho.

Binti akatoka, kofia kichwani. "Rudisha gurudumu, baba, nachelewa."

"Njoo uweke kidole chako hapa."

"Mimi? Leo umenirithisha?"

"Weka, mwanangu."

Binti akavua glavu, akaingiza kidole kwenye beringi ya gurudumu lake, akazungusha. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Akazungusha tena. "Baba, hii inasaga. Kama kuna changarawe." Alipokitoa, kidole kilikuwa na maji ya rangi ya chai.

Binti akaiona ile beringi ya kutu mkononi mwa baba yake, akaelewa. Akavua kofia.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

"Na magurudumu yote uliyopitisha tangu mvua?"

Mmoja wa wale wateja akainuka kwenye benchi, akaenda kusimama karibu na pikipiki yake, hakuiwasha.

"Nitajie watu," binti akasema, simu mkononi. "Tuanze na nani?"

Kidole akatazama barabara iteremkayo kuelekea daraja. "Mkunga," akasema. "Jana nilimwambia beringi ya pikipiki yake ni safi. Na yule huwa habebi mtu mmoja."