Mama Pasi na Wifi Yake Wodini

Dobi yule aliitwa Mama Pasi kwa mambo mawili. La kwanza ni kazi yake. La pili ni ulimi wake, maana ukikugusa ukiwa moto, ulikuacha na alama.

Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye dirisha pana la kupokelea nguo na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu. Juu, mashati yalining'inia kwenye kamba yakiwa yamejipanga kama wanafunzi. Ukiingia mle ulipokewa na harufu ya sabuni na wanga uliopigwa pasi, na Mama Pasi aliionea fahari harufu ile kuliko watu wengine wanavyoonea fahari dhahabu. Kukosea kukunja kola alikusamehe. Uchafu hakuusamehe hata kwa mtoto mchanga.

Basi maradhi yakamchagua huyohuyo. Utumbo wake mpana ulijisokota kama shuka linalokamuliwa, akakimbizwa hospitali hajitambui. Alipozinduka, ubavu wa kushoto wa tumbo ulikuwa umetobolewa, ncha ya utumbo imechomoza nje, nyekundu, na juu yake umebandikwa mfuko wa plastiki. Choo chake kilikuwa kinatokea humo.

"Hii ni ya muda tu, mama," daktari wa upasuaji alimwambia. "Kipande kilichooza tumekikata. Ukipona vizuri tutakufungua tena, tuziunganishe zile ncha mbili."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo utazoea."

Hakuzoea. Aliuosha mfuko, akaubadilisha, akajipaka marashi mpaka macho yakamwasha, na bado alijinusa kila dakika. Aliuchukia mfuko kama mtu anavyomchukia mpangaji asiyelipa wala kuhama. Siku moja ya joto kali alikuwa amesimama mezani, mvuke wa pasi unampanda usoni, jasho likalegeza gundi na mfuko ukaachia. Asingekuwepo mtu, angejisafisha, akalia kidogo, yakaisha. Lakini dirishani alikuwa amesimama wifi yake.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, msusi mwenye saluni mtaa wa pili. Wawili hao hawakupikika chungu kimoja tangu ile siku bibi harusi alipoingia ukweni na wifi akamtazama kuanzia kichwani hadi kidoleni, kisha akamwuliza kaka yake, "Ndiye huyu?" Sasa alikuwa amefuata aproni zake. Aliona, akanusa, akaziba pua kwa kiganja na kuondoka bila neno.

Neno alilibeba saluni. Haikupita wiki wateja wakaanza kupukutika. Mwalimu alidai amenunua mashine ya kufulia, naye nyumbani kwake hata bomba la maji halikuwepo. Karani wa mahakama alisema daktari amemshauri afue mwenyewe kwa ajili ya mazoezi. Mama Pasi aliwasikiliza, akawafungia nguo zao vizuri, akawaaga. Alijua moshi ule umetoka jiko gani.

Tarehe ya upasuaji wa pili ilipotoka, mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini mbali. Akapiga simu.

"Usiwe na wasiwasi mke wangu, nimeongea na dada. Atakaa na wewe hospitali."

"Dada yupi?"

"Nina dada mmoja tu."

"Bora niende na mbuzi."

"Mbuzi hawezi kukushikia beseni," mumewe akasema, na mtandao ukamwokoa kwa kukatika.

Vipimo vilikuwa vimekwisha. Walikuwa wamempitishia dawa kwa njia ya chini na kumpiga picha, wakaona kile kipande cha utumbo kilichobaki kiko salama, hakivuji. Sasa ilibaki kuusafisha. Kwanza vyakula laini, kisha vitu vya maji tu, tena maji maangavu, ya kuonyesha upande wa pili wa glasi. Wifi alihamia na begi lake, akaingia jikoni bila kubisha, akatoka na bakuli la supu iliyochujwa hadi ikabaki rangi.

Mama Pasi aliinusa. "Umetia nini humu?"

"Sumu. Lakini kidogo, maana daktari kasema usishibe."

Akainywa kwa hasira yote, asiache tone.

Wodini alipewa dawa ya kuharisha, chupa nzima, yenye chumvi na uchungu. Mfuko ukajaa na kumwagwa, ukajaa na kumwagwa. Wifi alishika beseni mikono imenyooka, uso ameugeuzia ukutani.

"Shika vizuri, hujashika nyoka," Mama Pasi alisema.

"Nyoka ana nafuu. Nyoka hasemi."

Baadaye muuguzi akaja kumsafisha kwa maji kwa njia ya nyuma, na Mama Pasi, ambaye maisha yake yote ndiye aliyekuwa akifua, akalala ubavu na kufuliwa. Wahenga walisema adui mwombee njaa. Wifi hakuhitaji hata kuomba, daktari alikwisha kumwombea: tangu hapo chakula marufuku, na asubuhi ya upasuaji hata maji ya kunywa hapana.

Asubuhi hiyo toroli la chai likapita. Harufu ya mkate ikamvuta Mama Pasi kama kamba. Wifi alikuwa amekwenda kunawa uso. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amesinzia, na kipande chake cha mkate kimelala kwenye sahani. Mama Pasi akanyoosha mkono, akamega matonge mawili, akameza karibu bila kutafuna.

Muuguzi akaja na gauni la upasuaji. "Mama, umekula au kunywa chochote?"

"Hata mate sijameza."

"Amekula mkate," sauti ikasema mlangoni. Wifi alikuwa amesimama na taulo begani. "Nimemwona. Na makombo hayo hapo kwenye shuka."

Daktari wa usingizi aliitwa. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulioumiza. Alieleza kwamba mtu akilazwa kwa dawa na tumboni ana chakula, chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na wapo wasioamka. Upasuaji ukasogezwa hadi kesho yake. Njaa ikaanza upya.

Walipobaki wawili, Mama Pasi alimtazama wifi yake. "Umefurahi?"

"Sana."

"Ungenyamaza ungekufa?"

"Mimi? Mimi nisingekufa."

Mama Pasi akageukia ukutani. Jambo lililomkaba kooni si njaa. Ni kwamba yule mwanamke alikuwa amesema kweli, na kweli yake imemfaa. Deni kama hilo kwa mtu unayempenda ni baraka, lakini kwa mtu usiyempenda ni mfupa wa samaki. Akamchukia maradufu.

Kesho yake akasukumwa hadi chumba cha upasuaji, baridi kali, taa kubwa juu kama macho ya mzimu. Wakamwambia ahesabu pole pole. Yeye akaona ni afadhali amtukane wifi kimoyomoyo. Tusi hakulimaliza.

Alipoamka alikuwa na mpira puani, dripu mkononi, na tumbo linauma kana kwamba lilipigwa pasi likiwa bado mwilini. Hata hivyo mkono wake ulitambaa chini ya blanketi hadi ubavu wa kushoto. Mfuko haukuwepo. Palikuwa na bandeji kavu, tambarare. Machozi yakamtoka.

"Unalia nini tena? Si wamekutolea," wifi alisema pale kwenye kiti.

"Nalia kukuona."

Ikabaki jambo moja. Kila asubuhi daktari aliuliza, bila aibu, mbele ya wodi nzima: "Mama, umetoa hewa?" Hewa ikitoka kwa chini, maana yake utumbo umeamka na njia iko wazi. Lakini haikutoka. Tumbo likavimba na kukaza kama ngoma, akaanza kutapika nyongo. Daktari akalibonyeza huku amekunja uso. Akasema watasubiri kidogo, ila kama maungio yanavuja, itabidi wamfungue tena.

"Na mfuko?"

"Ikibidi, utarudi."

Alipoondoka, Mama Pasi alijifunika shuka hadi kidevuni. Kwa mara ya kwanza ulimi wake ulikuwa wa baridi. Muuguzi alisema dawa iliyobaki ni kutembea, na wifi akalisikia neno hilo kama amri kutoka mbinguni.

"Inuka."

"Siwezi."

"Inuka, gogo wewe! Mimi sitashika beseni mara ya pili."

Wakatoka koridoni, Mama Pasi ameinama, mkono mmoja umekumbatia mshono na wa pili unaburuta nguzo ya dripu. Wifi alimshika kiwiko kwa nguvu, kama askari aliyekamata mwizi. Wakaenda mpaka mwisho, wakarudi, wakaenda tena. Na katika kwenda huko, woga wa Mama Pasi ukageuka hasira, na hasira ikafungua mdomo.

"Ulikwenda kuwaambia watu nanuka!"

"Nilisema ulinuka. Na siku ile ulinuka. Ulitaka niseme unanukia?"

"Umeniharibia kazi! Wateja wamekimbia wote!"

"Sikuwatuma wakimbie. Nilisema kwa kuchekesha tu."

"Kuchekesha?"

"Walicheka."

Mama Pasi akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo ili amjibu jibu la kuzikana nalo. Jibu likatokea chini. Lilikuwa refu, lenye sauti, kama turubai linalochanwa, likasita, likaendelea. Mfagiaji akasimamisha ufagio wake. Wagonjwa wawili wakageuka. Muuguzi akatoka chumbani mbio, anapiga makofi.

"Hongera, mama! Hongera sana!"

Wifi alicheka hadi akaegemea ukuta. "Haki ya Mungu, hii nayo nitaisimulia."

"Simulia," Mama Pasi alisema, ameng'ang'ania nguzo ya dripu. "Na usisahau kusema ulikuwa umesimama karibu."

Baada ya hapo alipewa maji kwa vijiko, kisha uji, kisha ruhusa ya kwenda nyumbani. Kupona hakukuwa mteremko. Utumbo uliokaa bila kazi ulisahau adabu. Majuma ya kwanza alikimbilia chooni hata kabla kijiko hakijatoka mdomoni, na ngozi ikamchubuka hadi kukaa ikawa adhabu. Lakini pole pole ukashika utaratibu. Akafungua dirisha lake, akatundika mashati machache. Baadhi ya wateja walirudi kimya kimya, naye akawapokea kimya kimya, ila wao nguo zao zilikuwa tayari siku mbili baada ya wengine wote.

Mumewe aliporudi aliwakuta wote wawili sebuleni, wifi anafunga begi lake. Akatabasamu kama mtu aliyepatanisha mataifa.

"Naona sasa mmeelewana."

"Nani kakwambia?" wakajibu pamoja, kisha wakachukia kwamba wamejibu pamoja.

"Angalau mshukuru dada, mke wangu. Amelala sakafuni kwa ajili yako siku zote hizo."

Mama Pasi alikuwa anakunja shati. Akalikunja likaisha, akalikunjua, akalikunja tena. Wifi alikwisha kubeba begi, yuko kizingitini, amewapa mgongo.

"Ahsante," Mama Pasi akasema, sauti ya chini, kama anayetema mbegu.

Wifi hakugeuka. "Sijasikia."

"Basi hukusikia."

Na hakuirudia.