Gari la Viti Viwili

Kwa nini gari la kasi kuliko yote kati ya Keroka na Sotik lilibaki limesimama uani kwetu, tangi lina petroli, huku wifi yangu akibebwa kwa machela? Swali hilo niliulizwa na msichana niliyelala naye chumba kimoja chuoni Kampala, mara tu niliporudi kutoka likizo. Aliuliza bila ubaya. Alikulia mjini, kwenye lami. 

Gari lenyewe kaka yangu alilinunua kwa mzungu wa Sotik aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Lilikuwa jekundu, refu mbele, halina paa ila turubai, na viti vyake vilikuwa viwili tu, vimebanana kama watoto kwenye dawati. Siku alipolileta kwetu Masimba, soko zima lilisimama.

"Mwenzetu," mwuza ndizi mmoja akamwita, "mbona umelitoa kwa mama yake kabla halijaacha kunyonya?"

"Litakua," mwingine akamjibu. "Lipe majani na chumvi."

Kaka alicheka nao, lakini masikio yalimwiva.

Ili kulipata, aliuza pikapu. Nasema hili kwa uchungu hadi leo, kwa sababu mimi ndiye niliyeipenda pikapu ile. Watu wanaosifu magari hutaja kasi kwanza, nami sijui walijifunzia wapi ujinga huo. Huku kwetu barabara inapanda, inakata kona, inashuka mtoni, inapanda tena. Gari linalofika maili tisini kwa saa utalifikisha wapi, kabla ya kukutana na ng'ombe wa mtu? Nguvu ninayoiheshimu ni ile ya gia ya kwanza, injini ikinguruma polepole, mzigo wa pareto nyuma, matope hadi ekseli, na gari bado linapanda. Pikapu ilikuwa nayo. Tena ilikuwa juu, haikugusa mawe kwa tumbo. Ilibeba ndizi, ilibeba mahindi, ilibeba wazee kwenda kanisani na maiti kurudi kwao Gesima. Breki zake zilikuwa mbovu, nakubali. Lakini ukishuka kwa gia uliyopandia, breki ni za nini?

Sisemi gari jekundu lilikuwa baya. Nilikaa kando ya kaka siku moja tukaenda hadi Birongo na kurudi, na lilipokata kona bila kuinama nilihisi tumboni furaha ambayo hakuna kitabu kilichowahi kunipa. Nilimtazama miguu na mikono. Niliona jinsi klachi yake ilivyo nzito, na jinsi anavyobonyeza mkono wa gia chini kwanza, kwa kiganja, kabla ya kuusogeza ili gari lirudi nyuma. Jambo hilo la kubonyeza alilipenda sana. Alilifanya kwa madaha, kama mtu anayefungua sanduku lake mwenyewe.

"Nifundishe," nikamwambia.

"Nikufundishe gari, halafu uolewe na nani? Na fundi?"

"Kwani wewe ulioa fundi?"

Akaongeza mafuta ili asinisikie.

Jua lisichome viti, kaka alikuwa akiliegesha gari pua ikiwa chini ya upenu wa ghala la mahindi, karibu kugusa ukuta. Kulitoa ilikuwa lazima lirudi nyuma kwanza. Hata alipokwenda Kisumu kununua tairi, alipanda basi na kuliacha hapo, eti vumbi la Ahero lisimharibie rangi. Ufunguo alimwachia Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu. Tata alikuwa dereva kabla yetu sote. Wakati wa vita aliendesha malori ya jeshi hadi Uhabeshi, na hakuna mwanamume Masimba aliyethubutu kuzungumza habari za magari yeye akiwepo. Koti lake la jeshi alilivaa hata kwenye jua.

Kaka akiwa Kisumu, siku ya Sabato asubuhi, wifi akashikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Shangazi yangu, dada yake Tata, aliyekuwa amezalisha nusu ya mtaa, akatoka nyumbani kwa wifi akifuta mikono.

"Huyu si wangu," akasema. "Mtoto amekaa vibaya. Apelekwe Kisii, kwa daktari, sasa hivi."

Ilikuwa kiangazi. Barabara ilikuwa kavu, ngumu kama sakafu. Kati ya siku zote za gari lile, ile ndiyo siku iliyolifaa. Nilikimbia kwa Tata.

"Tata, lete ufunguo, twende."

Alikuwa amesimama mbali na nyumba ya wifi, kama baba mkwe anavyosimama. Kwetu kuna chinsoni, haya ya heshima: mwanamume haingii nyumba ya mke wa mwanawe, hamshiki mkono, hakai naye karibu. Alilitazama gari kwa muda mrefu.

"Yule ni mke wa mwanangu," akasema. "Nikae naye bega kwa bega ndani ya kikopo kile? Mbele ya watu?"

"Anaumwa, Tata."

"Nimesikia."

"Tuweke shuka katikati yenu."

Shangazi akacheka bila furaha. "Shuka litaficha nini, binti yangu, na bega liko pale pale? Ingekuwa ile pikapu, tungemlaza nyuma, na baba yako akaendesha mbele na haya zake."

"Basi nipe ufunguo mimi. Nimetazama. Naweza."

"Umetazama!" Tata akasema. "Na mimi nimemtazama daktari, je, nikupasue? Ufunguo uko mfukoni, na utakaa mfukoni."

Wanawake wakainamisha vichwa kwa heshima. Hakuna aliyemlaumu. Nilichukia vichwa vile vilivyoinama kuliko nilivyomchukia yeye.

Wanaume wanne wakafunga blanketi kwenye miti miwili, wakamteremsha wifi hadi barabara kuu. Njiani alikuwa akiniuliza, "Gari limekataa kuwaka?" Nami nikamwambia ndiyo. Kwa sababu ya Sabato wenye magari wa Masimba walikuwa kanisani. Tulikaa kando ya barabara hadi lori la mahindi lilipotokea upande wa Sotik, jua limeshainama. Hospitalini walimwokoa mama. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa amekufa, na wifi hakupata mwingine.

Kaka aliporudi hakumwuliza Tata kitu. Aliliuza gari kwa mtu wa Kericho, na pikapu nyingine hakununua.

Mimi nilirudi Kampala na hasira yangu. Kwenye mdahalo wa wanafunzi nilisimama nikaipiga chinsoni mawe mpaka ukumbi ukanipigia makofi. Nilisema mila inaua. Na kwa miaka yote iliyobaki, nikifika nyumbani nilimsalimu Tata kwa maneno mawili, nikaenda kukaa na wifi.

Tata alikufa, tukamzika, wageni wakatawanyika. Nilikuwa nimekaa jikoni na mama, tukimenya ndizi, nikasema yale yale kuhusu chinsoni. Mama hakuinua macho.

"Chinsoni haimshiki mtu anayekufa," akasema. "Hata babu yako aliwahi kumbeba mkaza mwanawe mgongoni kuvuka mto, baadaye akachinjwa mbuzi, yakaisha. Baba yako alijua."

"Basi ilikuwa nini?"

"Siku chache kabla ya Sabato ile, kaka yako akiwa sokoni, baba yako alitaka kwenda na lile gari Birongo, watu wamwone. Akaliwasha. Likakataa kurudi nyuma. Alivuta huo mkono wa gia huku na huku, jasho likamtoka, kila mara gari linataka kula ukuta. Akalizima, akafuta usukani kwa koti lake, akaniambia nisimwambie mtu."

Mkono ule ulitakiwa kubonyezwa chini kwanza. Na uani siku ile ya Sabato walikuwepo wanaume wanne ambao wangelisukuma gari lile nyuma kwa pumzi moja, kama angewaambia.