Bei ya Tatu ya Kopa

Saa kumi na nusu alasiri, siku ya Ijumaa, kabla karata hazijachanganywa, shemeji yangu fundi cherehani alinionya mbele ya watu wote waliokuwa barazani kwake, Likoni.

"Leo ukiniletea zile hesabu zako, shemeji, wallahi Ijumaa ijayo nacheza na mwengine."

Nilimjibu kwamba nitacheza ninavyojua. Yeye alikuwa mume wa dada yangu, na ndiye aliyenikaribisha kwenye ule mkeka. Mimi nilikuwa mtu wa karakana za Changamwe, mgeni mtaani hapo. Akiniacha yeye, hapakuwa na mwingine wa kunichukua.

Tulicheza sitini na moja, wawili kwa wawili; wanaofikisha pointi hizo ndio washindi. Ree, ile karata ya moja, ina pointi kumi na moja; seti, yaani saba, kumi; basha, yaani mfalme, nne. Tatu haina kitu, ndiyo maana watu waliitupa kama ganda la muhogo. Nilibishana nao mwaka mzima. Pointi ni kile karata inachobeba, si kile inachoweza kufanya. Ree isiyo ya turufu ni mzigo mpaka apatikane wa kuubeba. Lakini si lazima kufuata aina iliyotolewa, kwa hiyo tatu ya turufu, ukiwa wa mwisho kucheza, inaweza kuzoa ree na seti kwa pamoja. Wenzangu walitazama ukubwa wa karata. Mimi nilijiuliza nitaitoa nikiwa wa ngapi.

Siku hiyo turufu ilikuwa kopa. Karata za kuokota zilipokwisha nilibaki na tatu ya kopa, ree ya pau na nne ya uru. Shemeji alitoa basha ya kopa, akagusa kofia yake: ishara ya kwamba nimlishe ree, niongeze pointi juu ya basha yake. Seti ya kopa, inayoila basha, ilikuwa haijatoka, na mpinzani wa kucheza baada yangu alikuwa mzee mmoja, mstaafu wa winchi za bandarini. Nikatupa nne ya uru.

"Umelala?" shemeji aliuliza.

Mzee aliibamiza seti ya kopa juu ya basha. "Hakulala. Bakhili tu huyu."

Kisha, akidhani turufu zimekwisha, akafungua kwa ree ya uru. Mwenzake, kwa furaha, akamlisha seti ya shupaza. Hakuna aliyekuwa ameihesabu tatu. Niliiweka taratibu, nikazoa zote, halafu nikatoa ree yangu ya pau, na hapakuwa na wa kuikata.

Tukahesabu. Sisi hamsini na tisa, wao sitini na moja.

"Ungenilisha ile ree," alisema shemeji.

"Ingeliwa pamoja na basha yako. Tusingefika hata hamsini."

"Tumekosa mbili, shemeji. Mbili, na wewe umeikalia ree."

"Nipe karata hizo hizo kesho, nitacheza vivyo hivyo."

Mzee alicheka. "Mwacheni. Kichwa hiki kimemwagwa saruji."

Shemeji alimwita jirani aje akae mahali pangu. Sikumwomba radhi, na mpaka leo sioni cha kuombea radhi. Kwa desturi ya pale, walioshindwa huwanunulia wengine kahawa, wakagawana gharama. Shemeji alisema ya leo ni yangu peke yangu. Nikalipa. Vikombe vinane, kila kimoja senti hamsini siku hizo: shilingi nne.