Kabati Lililokatwa kwa Sababu ya Benchi

Mikono yangu haikuzaliwa kutulia. Mama mkwe wangu alikuwa akisema kwamba ningeolewa na lori ningefurahi zaidi, kwa maana lori nalo halilali. Alisema hivyo kwa sababu kila alipopita kwangu akitoka sokoni Tawa alinikuta nasukuma kitu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini mume wangu alikuwa fundi wa mawe huko Mombasa. Nyumbani alikuja Desemba, basi. Krismasi, mwaka mpya, halafu begi. Mimi nilifundisha nasari ya kanisa, nikalima, nikalea, na jioni watoto wakishakula nikaanza vita vyangu na viti. Nilikuwa nimeamua jambo moja: nyumba ikipendeza vya kutosha, huyu mtu ataona haya kuiacha. Sikumwambia yeyote, lakini ndiyo iliyokuwa kazi ya kila kitu nilichonunua.

Na nilinunua. Ofisa wa kilimo alipohamishwa, nilichukua makochi yake ya mbao, mito yake imebonyea kwa kukaliwa na watu wa serikali. Nikatoa sponji kuukuu, nikajaza nyingine, nikashona foronya kwa pazia la mitumba lenye maua makubwa ya rangi ya machungwa. Duka moja la Machakos lilipofungwa, nilirudi na saa ya ukutani isiyotembea na kioo kirefu chenye ufa. Ufa niliufunika kwa kalenda. Naye kutoka Mombasa alituma vya kisasa: redio, meza ya fomika yenye miguu ya chuma, viti vya plastiki vilivyonuka upya miezi na miezi. Redio niliiweka karibu na kibuyu cha maziwa nilichopewa na mama yangu, halafu kibuyu nikakihamisha, halafu redio. Kila kitu nilikivisha kitambaa cha kufuma, maana kwetu kiti kisicho na kitambaa kiko uchi, na akina mama wa kanisa walipokuja kusali nyumba kwa nyumba, macho yao hayakuwa yamefumbwa yote.

"Nyumba njema si mlango," mmoja wao aliniambia akitoka, akinifinya mkono. Nilimwelewa vizuri sana: nyumba imepambwa, mwenyewe hayumo. Nilinuna wiki nzima, na wiki hiyo kitanda kikahamia ukuta mwingine.

Desemba moja mume wangu alifika jioni, giza limeanza kuingia, mimi niko jikoni nje. Akaingia sebuleni peke yake, akanyoosha mkono kuchukua taa pale ilipokaa mwaka uliotangulia. Nilisikia kishindo. Nilimkuta chini ameshika muundi, meza ya fomika imepinduka, redio iko kifuani pake inaimba.

"Hii nyumba ni ya nani?" akaniuliza. "Kila Desemba nakuja napata imegeuzwa. Kule Mombasa nikilala najaribu kuona nyumbani kwangu, siioni. Naona tu viti vikitembea."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Miaka yote nilidhani namwita, kumbe namfukuza.

Kesho yake alikwenda sokoni, akarudi na simiti juu ya punda, akachimba sakafu yangu ya udongo, na kando ya ule ukuta mrefu unaotazama mlango akajenga benchi. Matofali na simiti, pana ya watu wawili, ameilainisha kwa mwiko kama kazi ya tajiri.

"Hii usiguse," akasema. "Hizo zingine zungusha vile unataka. Lakini hii nikirudi niipate hapa."

Jamani, ilikuwa mbaya. Ya kijivu, baridi, kama ya zahanati. Kila kitambaa nilichotandika kiliteleza. Mama mkwe aliketi mara moja tu, akainuka akishika kiuno, na tangu siku hiyo akachagua kochi.

Januari mume wangu akaondoka. Alikuja Desemba moja zaidi, akaketi pale, kisha Desemba zikaanza kupita bila yeye. Kazi ni nyingi, alituma watu waseme. Badala ya kuja, akatuma kabati.

Lilikuja juu ya lori la soda. La kahawia, la kung'aa, milango ya kioo ya kuteleza, na nafasi ya televisheni ambayo hatukuwa nayo. Lilikuwa refu kuliko kuta zote isipokuwa mmoja, ule wa benchi.

Siku nyingi lilisimama katikati ya sebule tukilizunguka. Akina mama wa kanisa walishangaa ninachongoja. "Vunja hiyo kitu. Si mwenyewe ndiye ameleta kabati? Atakataa nini?" Hata mama mkwe akasema mwanawe alikuwa na hasira tu siku ile, hasira ya muundi. Walikuwa na haki. Nilichukua sururu mwenyewe, nikaiinua, na hapo nikaogopa. Nikiivunja hiyo benchi, huyu mtu hana tena mahali pa kurudia, na mimi sina tena cha kungojea. Nikaweka sururu chini, nikamwita seremala, nikamwambia akate kabati.

"Mama, hii ni kitu ya dukani," akasema. "Mtu hakati kitu ya dukani."

"Kata."

Akakata. Nusu huku, nusu kule, benchi katikati, na pale palipokatwa akapigilia mbao za kreti. Habari ilifika hadi soko la Kikima kabla vumbi la msumeno halijatulia. Watu walikuja kutazama, wakanywa chai yangu, wakaenda kucheka mbele ya safari.

Mume wangu alirudi moja kwa moja miaka ya tisini, kampuni ilipopunguza watu. Ilikuwa adhuhuri, na hakuwa ametoa taarifa. Amekonda, nywele zimeingia mvi. Akaketi ukingoni mwa kochi la ofisa, karibu na mlango, begi magotini.

"Nani alikata kabati?"

"Mimi. Benchi ilizuia."

"Benchi gani?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Mtu aliyejengea watu kuta miaka yote hiyo, angekumbuka benchi moja? Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikamwondolea begi magotini, nikamshika mkono, nikamvusha sebule, nikamkalisha. Baridi ya simiti ilimshtua, akainuka kidogo, akaketi tena. Akapapasa ukingo kwa kidole gumba, polepole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Ni mimi nilijenga hii?"

"Ni wewe."

Kisha akaitazama vizuri, akatikisa kichwa. "Ni mbaya hivi! Kesho nitaivunja, tuunganishe kabati."

Nilimwambia akiigusa arudi alikotoka. Nikaenda jikoni kuchemsha chai, na huko nikalia kwa sauti, bila kujali anasikia nani.