Mama Aliyemponya Ng'ombe wa Kibiti

Wasomaji wangu, yule mama aliyekuwa na ofisi ya kuchapa barua pale Kibiti ametutoka. Nilipopigiwa simu nililia kidogo, kisha nikacheka mpaka aliyenipa habari akadhani nimepagawa. Nilikuwa nimemkumbuka ng'ombe.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa na kompyuta za mitumba zikaanza kutufikia kutoka Dar. Mama yule, mtoto wa wafanyabiashara wa Nyamisati, alinunua moja yenye programu ya bure ya kuandikia, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Kiswahili haikukijua. Mstari ukijaa, ng'ombe alikatwa: "ng'" huku, "ombe" kule chini. Mimi, mwalimu wa kuja kutoka bara, nilipeleka tangazo la shule kuuza mifugo, nikarudishiwa vipande. "Mwalimu, hawa nimewachinja bila kisu!" alisema, akaapa kuwatibu. Akachukua msimbo, yaani maagizo ya ndani ya programu, akajiwekea nakala yake pembeni ili akiharibu aharibu ya kwake. Na aliharibu! Siku moja kila herufi iligeuka alama ya kuuliza. Akacheka hadi kanga ikamdondoka. Hatimaye ng'ombe akasimama mzima, na wateja wakammiminikia.

Aliposema atawapelekea wenye programu rekebisho lake, kaka yake aliruka. "Dada, utampa mwenzio wembe wako? Yule mshindani wako wa ng'ambo ya barabara ataupata bure!"

"Kwani programu yenyewe mimi niliinunua?"

Akaenda Dar na disketi, akatuma kwa mtandao, wakamkatalia: nakala yake imepitwa na wakati, achukue yao mpya, aweke rekebisho lake juu yake, atume hilo tu. Alinuna kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha akaanza upya. Safari iliyofuata alishuka basini akipiga vigelegele, "Wamempokea! Ng'ombe wangu wamempokea!" Abiria wakachungulia chini ya basi kumtafuta mnyama. Programu mpya yenye rekebisho lake ilipofika, mshindani wake alivuka barabara na karatasi mkononi: "Shoga, na wangu kapona!" Wakacheza palepale, magari yakipiga honi. Wateja kadhaa walihama kweli, naye hakujuta.

Soko huria limetuzoesha kudhani kwamba kushinda ni kuficha. Mama yule alinifundisha vingine: jaribu kwako, thubutu, haribu, cheka, lakini ukishapata, rudisha kwenye chimbuko, hata wakikukataa mara ya kwanza. Huko ndiko kazi yako itakakowafikia watu usiowajua, nao watafurahi bila kujua wamshukuru nani.