Siku Niliyowahamisha Soprano na Alto kwa Pamoja

Jamani, hii nilikuwa nimeapa sitamwambia mtu, lakini kwa vile nusu ya Kapkatet waliiona kwa macho yao, sioni ninamficha nani. Mimi ndiye niliyewafanya akina mama kumi na wawili waharibu wimbo mbele ya kanisa lililojaa, tena kwa kufuata maandishi yangu mwenyewe.

Kazi yangu ni kupima majani chai pale kituoni, kazi ya kununiwa, maana ukimwambia mkulima majani yake yamelowa hata salamu anakunyima. Lakini Jumapili nafundisha kwaya ya akina mama, na ni hapo tu watu wananiita Mwalimu, na nilikipenda hicho cheo (nacheka sasa, lakini nilikipenda sana). Shida ni kwamba nilikuwa kwa majaribio. Mwalimu wa kwanza alihamia Soin, na wazee wa kanisa walisema wataniangalia mpaka siku ya kwaya zote za jirani kuimba kwetu, halafu jioni hiyohiyo waamue kama nabaki au wanatafuta mwingine.

Siku ikafika na baridi yake, na soprano wangu wote wana mafua. Wimbo wetu ulikuwa wa sauti mbili, soprano juu, alto chini yao, na kila soprano wakipanda wanakohoa. Mtu mwenye akili angeuanza wimbo chini kidogo, mambo yaishe. Lakini mimi wiki hiyo nilikuwa nimesoma kitabu cha nadharia ya muziki, mahali wanapoeleza jinsi ya kugeuza umbali wa sauti mbili, na nilikuwa na kiherehere cha mtu aliyejua kitu juzi. Ukiwa na do chini na mi juu, hiyo ni tatu, ukihesabu do, re, mi. Mi akishuka chini ya do, na do akae palepale, ile tatu inakuwa sita, mi mpaka do, na bado ni tamu. Tatu na sita ni tisa, kitabu kinasema ukigeuza jumla ni tisa kila mara. Mmoja anahama, mwingine anakaa. Basi mimi nikajiambia, kama mmoja akihama ni tamu, wakihama wote si itakuwa tamu zaidi?

Sisi tunaimba kwa do re mi zilizoandikwa kwa karatasi ya manila, na kistari kidogo juu ya herufi ni panda ngazi nzima, do mpaka do ya juu, kistari chini ni shuka. Dakika kumi kabla ya kuingia nikatoa kalamu, alto wote nikawapa vistari juu, soprano wote vistari chini. Mama Chelangat, mchunaji chai anayeongoza alto tangu mimi sijazaliwa, akaniuliza polepole, "Mwalimu, sasa tukihama sisi wote, nani anabaki?" Nikamwambia mama, hii ni nadharia, wewe niamini tu.

Wakaniamini. Soprano wakashuka mpaka kule sauti ya mwanamke haifiki, ikawa ni kunguruma tu kama lori ya majani ikipanda mlima, na alto wakapanda, wakapanda tena, mpaka mtoto mmoja kwa kiti cha mbele akaziba masikio, na mchungaji mgeni akainama kutafuta kitu chini ya kiti (hakukuwa na kitu). Katikati ya sauti hizo mbili trekta ingepita bila kugusa mtu. Kwaya iliyotoka Kaplong ilicheka waziwazi. Mimi napunga mikono, jasho linanitoka kwa baridi ile, najua kabisa cheo kimeenda. Nikawasimamisha.

Nikaitazama manila kama yenyewe ndiyo imekosea. Mama Chelangat hakupaza sauti, lakini wote tulimsikia.

"Mwalimu, wao washuke. Sisi alto tutakaa kwetu."

Nikaitikia kwa kichwa, tukaanza upya. Soprano na mafua yao wakashuka chini ya alto, alto hawakusonga, na ile sita ikatoka tamu hivi kwamba nikakaribia kulia. Wa Kaplong hawakucheka tena.

Jioni Mzee Bett, mwenyekiti wa wazee, akaniita nyuma ya kanisa. Nilienda nimeshika filimbi ya kutafutia sauti waliyonipa wazee, nimrudishie kabla hajaniomba. Hakuipokea.

"Tulikuwa tumeamua uende," akasema. "Lakini Mama Chelangat ametuambia tukileta mwingine, itabidi aanze tena kumfundisha kutoka mwanzo."

Sijawahi kufurahia kusemwa kama nilivyofurahia hapo. Nilikunywa chai vikombe vitatu mfululizo nikicheka peke yangu, na usingizi mtamu kama wa siku hiyo sijaupata tena. Sasa kistari hakiingii kwenye manila yangu mpaka tukijaribu mazoezini Alhamisi, na Mama Chelangat akisema alto wanakaa, nafuta bila kubishana.