Neno la Siri la Dada Yangu

Nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, na nililifahamu tangu utotoni kwa sababu mama yetu alinipa hilo kila nilipomwomba mnofu wa pili. Lakini siku dada yangu aliponisimamisha gatini Nyamisati, mkono mmoja ndoo ya kamba wakavu na mwingine simu, akaniambia, "Kaka, hili neno la siri la ukurasa wangu nishikie wewe, kwangu kule mtandao unakuja kama mgeni wa serikali," mimi nilisema ndiyo. Nilisema haraka, tena kwa raha, kama mtu aliyeombwa aongoze sala.

Dada huyu ananifuata mimi kuzaliwa. Ni mjane, anaishi kisiwani ndani ya delta, na kazi yake ni kununua kamba kwa wavuvi, kuwachemsha kwa maji ya chumvi, kuwaanika juani na kuwauza. Miaka mingi aliwauzia wachuuzi waliomwambia kila safari kwamba bei ya Dar es Salaam imeanguka. Kwa maneno yao, bei hiyo haikupata kusimama hata siku moja. Ndipo mimi, msomi wa kidato cha nne, mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi pale Kibiti, nikamfungulia ukurasa mtandaoni. Nilimpiga picha amesimama nyuma ya mkeka wa kamba, uso umekazana kama amekamatwa nao. Picha hiyo watu wa Dar es Salaam waliipenda. Wakaanza kuagiza moja kwa moja kwake, na safari hii bei ilisimama.

Kazi yetu ilikwenda hivi: wateja wanaandika kwenye ukurasa, mimi Kibiti nawajibu, yeye analeta mzigo Nyamisati kwa boti, bodaboda anauleta stendi, na basi linaupeleka mjini. Ukurasa ukawa ndio duka lake, na jina lake ndilo lililokuwa mlango. Wateja hawakumwona. Walimwamini tu kwamba mama huyu mwenye sura ya kukamatwa haweki mchanga kwenye kamba.

Ningeweza kumfundisha kuushika mwenyewe. Ilikuwa kazi ya asubuhi mbili, labda tatu. Lakini mwanafunzi akijua, mwalimu anakuwa mtu wa kawaida, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kawaida. Nilikuwa nimestaafu ukarani. Mtu aliyestaafu ukimpa ufunguo wa choo cha msikiti ataufunga shingoni.

Kisha habari zikaenea visiwani kwamba Kibiti kuna mzee anatunza siri. Wakaja. Mmoja aliniletea namba ya siri ya laini yake, mwingine neno la siri la ukurasa wake wa mikeka, mwingine maneno yote aliyokuwa nayo maishani. Nikayaandika kwenye daftari kubwa la jalada jekundu, jina upande huu, siri upande ule, kwa mwandiko ambao mwalimu wangu aliusifu. Nilijionea mengi. Karibu nusu ya watu wazima wa delta wanailinda mali yao kwa moja, mbili, tatu, nne. Mzee mmoja wa dini alitumia mwaka alioniambia ni wa kuzaliwa mkewe, lakini mkewe nilisoma naye, na mwaka ule si wake.

Jirani yangu wa kibanda, Mhindi mwenye duka la misumari na mabati, aliyezaliwa Utete na anayetukana kwa lugha yetu ya Kindengereko vizuri kuliko mimi, aliliona daftari liko wazi mezani.

"Mzee mwenzangu, hii nini?"

"Siri za watu."

"Siri za watu, na watu wanakuja kutoa kopi hapa hapa?"

"Wanaona kichwa chini. Nimeligeuzia upande wangu."

Alinitazama kama anayetazama bati lililotoboka. "Wewe umekuwa benki isiyo na mlango," akasema. "Mimi siri za duka langu ziko hapa," akagonga kipara chake, "na nikifa, wanangu watahangaika, ndiyo adabu yao."

Nilimwambia ana roho mbaya ya kibiashara. Tulicheka, akaenda kumpimia mtu misumari.

Daftari halikuniponza, lakini mchwa walilionja kona, na mimi nikaamua kwenda na wakati. Nikazipiga picha kurasa zote kwa simu. Simu hiyo hiyo niliyoitumia kujibu wateja wa dada, kusikiliza mawaidha na kutazama mpira. Kufuli haikuwa nayo. Mwanzoni nilijaribu ile ya kidole, lakini kidole changu kimesagwa na jembe na karatasi, simu ikakikataa asubuhi na jioni kama mkwe mwenye kinyongo. Nikaiondoa. Nani angeiba simu ya mzee iliyopasuka kioo?

Hakuna aliyeiiba. Ilichukuliwa kwa haki.

Baba yetu mdogo alifariki kijijini karibu na Nyamwage. Siku ya tatu tulisoma hitima, uwanja umejaa, wanaume upande wa barabara, wanawake upande wa jiko, pilau linanukia mpaka wafiwa tunasahau kulia. Na watani walikuwapo. Asiye wa kwetu ajue hivi: ukoo wetu una watani Wamatumbi tangu enzi za babu zetu, na msibani mtani ana ruhusa ya kila kitu. Analala kaburini asitake kutoka, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, ananyakua mali ya mfiwa mpaka akombolewe. Mfiwa akikasirika, aibu ni yake. Baba mdogo mwenyewe aliwahi kuvuliwa kanzu msibani, akazika amejifunga shuka.

Mtani wangu, kibabu kimoja kikavu chenye sauti ya tarumbeta, akaja nyuma yangu akaichomoa simu mfukoni.

"Imekamatwa!" akapiga kelele. "Simu ya Mndengereko imekamatwa! Bila jogoo haitoki!"

"Chukua, haina hata salio," nikasema.

"Salio sina haja nalo. Nataka kujua huyu mzee usiku anatazama nini." Akapitisha kidole kwenye kioo, ikafunguka. "Alaa! Haina hata komeo! Nyie, huyu simu yake kama nyumba yake!"

Watu wakacheka. Akaingia kwenye picha, na picha zangu zilikuwa tatu za wajukuu na zilizobaki za daftari. Akasimama juu ya kinu kilichogeuzwa, akakohoa kama katibu wa mkutano, akaanza kusoma. Alisoma jina la mtu na namba yake ya siri. Kisha la pili. Kila namba ilipotoka watu walimtafuta mwenyewe kwa macho, wakampigia makofi. Ilipofika ile ya mzee wa dini, yupo mwanamke aliyepiga hesabu ya mwaka kwa sauti, akasema haulingani na umri wa mkewe, na uwanja ukaanguka kwa kicheko.

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli, kwa kuwa nimekwisha kuzeeka na uongo unachosha. Ningeweza kuikomboa simu wakati ule. Jogoo walikuwa wanapita miguuni mwangu. Lakini na mimi nilikuwa nacheka. Nilikuwa naona fahari. Uwanja mzima ulikuwa unasikia jinsi watu wengi walivyoniamini. Hata mtani alipokwama kwenye namba moja akasoma moja badala ya saba, mimi nilisimama, mimi mwenyewe, nikasema, "Hiyo ni saba! Ina mkia! Soma vizuri!"

Akafika ukurasa wa dada yangu.

Neno lake la siri lilikuwa jina alilomwita marehemu mumewe wakiwa wawili chumbani, likifuatiwa na tarakimu mbili. Sitaliandika. Mtani alilisoma mara moja kimoyomoyo, nyusi zikapanda, kisha akalitangaza kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. Upande wa wanawake ulilipuka vigelegele. Dada alijifunika uso kwa khanga, mabega yanacheka, akamrushia mtani mwiko wa pilau. "Na wewe mkeo anakuitaje, kidagaa?" akamwuliza. Tukacheka zaidi. Mtani akapewa jogoo wake, mimi nikapewa simu yangu.

Dada akaja kando yangu, akiwa bado anajifuta machozi ya kicheko.

"Kaka. Neno hilo limeshatoka. Ulibadilishe."

"Nitalibadilisha."

"Leo leo, kaka. Uwanja huu una watu siwajui."

"Leo leo, mama. Mimi si mtoto."

Jioni nililala kwa shibe. Kesho yake bando lilikuwa limekwisha. Keshokutwa kulikuwa na mpira. Siku ya nne tangu hitima, nimerudi Kibiti, nikaandika lile neno kuwajibu wateja, ukurasa ukanikatalia. Nikaandika tena polepole, kwa herufi za shule. Ukanikatalia. Ukaniuliza kama unitumie namba za uthibitisho kwenye laini niliyoiandikisha mwanzoni. Laini hiyo nilikuwa nimeitupa, ilinichosha kwa kumeza salio. Jirani yangu wa mabati alikuja akasimama mlangoni, akaona uso wangu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Waandikie wateja kwa simu, mmoja mmoja, sasa hivi," akasema. Namba za wateja? Zilikuwa ndani ya ukurasa. Sikuwa nimeziandika pengine popote. Siri za delta nzima nilizinakili mara mbili. Wateja wa dada yangu sikuwanakili hata mara moja.

Huyo aliyeuchukua, na mpaka leo hatujui ni nani, hakuubomoa. Aliuendesha. Aliacha picha ya dada palepale, akawaandikia wateja kwa adabu kuliko mimi kwamba kamba mwezi huu ni wazuri, walipie mapema kwa namba mpya. Wakalipa. Kamba hawakwenda. Chini ya ile picha ya dada yangu aliyekazana uso wakaanza kumwandika mwizi, na wengine wakatukana mpaka dini yake.

Sikumwambia dada. Niliona nitaurudisha kwanza, halafu nitamwambia kama kichekesho; yeye akawa bado analeta mzigo kama kawaida. Nilikuwa bado nazunguka kwenye ofisi, najaza fomu, naulizwa jina la mwenye akaunti na kwa nini si mimi, siku mteja mmoja alipoamua kutoandika. Mama mwenye mgahawa Dar es Salaam alipanda basi mpaka Kibiti, akauliza njia ya Nyamisati, akashuka gatini wakati mimi na dada tunapokea magunia kutoka botini. Alimtambua kwa picha.

"Wewe ndiye mama kamba?"

"Ndiye, mwanangu. Karibu."

"Usiniite mwanao. Mwanao humwibii. Kamba wangu wako wapi?"

Dada alidhani ni utani. Akatabasamu. Yule mama akamtolea simu, akamsomea mbele ya wapagazi, mbele ya wavuvi anaonunua kwao, mbele ya abiria wa Mafia waliokuwa wanasubiri boti na hawana la kufanya ila kusikiliza. Niliona tabasamu la dada likishuka polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Akaelewa yote kabla yule mama hajamaliza.

"Sasa niambie," mama akasema, "simu ya biashara yako anaishika nani? Wewe au kuna mtu?"

Dada akanitazama. Hakunikazia macho, alinitazama tu, kunipa nafasi. Nafasi ilikuwa kubwa, gunia zima la nafasi. Mimi nikatazama boti. Nikajifanya nahesabu magunia yaliyokuwa mawili.

"Naishika mwenyewe," dada akasema. "Kosa ni langu. Chukua gunia hili, mwanangu, na pole kwa safari."

Yule mama akachukua gunia, na akaondoka akimtukana kwa sauti ya chini, ya mtu aliyetosheka. Dada alipanda boti bila kunigeukia. Nilimwita mara mbili kwa jina la utotoni.

Tangu hapo ameshika simu yake mwenyewe. Aliyemfundisha ni binti wa jirani yake kisiwani, nasikia kwa asubuhi mbili. Ana ukurasa mpya. Mke wangu analijua jina lake, mimi sijaambiwa. Watu wa delta walikuja mmoja mmoja wakafuta siri zao, wengine wakizikata kwa mkasi kabisa, na mzee wa dini alinunua daftari zima akalichoma. Hao walinisamehe, na wengine bado wananitania. Jirani wa mabati alinifungia kufuli kwenye simu, akanilazimisha nichague namba, akageuka ukutani nilipokuwa naandika.

Dada anapita Kibiti kila mwezi na mzigo wake. Hasimami kwangu. Nikimsalimia stendi anaitikia salamu, kwa sababu dini inamlazimu, kisha anaendelea kufunga magunia. Nimemwomba radhi kupitia kwa mke wangu, kwa barua niliyoichapa, na kwa mdomo wangu nimesimama kwenye vumbi la basi. Tulizaliwa wanne tumbo moja. Wawili wamekwisha kufa. Tumebaki mimi na yeye, na yeye hasemi nami.